Amepoa

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji tangu usichana hadi mvi, kila siku nikitazama saa ya ukutani na kumwambia daktari dakika zimefika ngapi, halafu siku ya kutoka napewa nyingine nikaitazame nyumbani. Nilishukuru, maana walichanga kwa moyo mweupe. Nimeitundika sebuleni, huku kwetu juu ya Tengeru, na tangu mwezi wa sita imeshasimama mara mbili.

Neema, nesi aliyekaa kwenye nafasi yangu, aliniomba kitu kingine. "Sista Ndeshi, tuandikie," alisema. "Yale uliyokuwa unatuambia wakati wa chai. Siku tukikwama tutasoma." Nikamjibu nitaandika nikishapalilia kahawa. Kahawa nimepalilia, mahindi nimevuna, sina kisingizio tena. Vyeo sitaviongelea, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika kazi. Ndani ya kazi hiyo kuna neno moja nililolisema kwenye korido, tena nikitembea, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe kushika kalamu.

Nililelewa kikazi na Sista Agripina. Alikuwa mwanamke mfupi wa Rombo, mkali, aliyesimama juu ya kistuli ili aifikie meza ya upasuaji, na sijamwona aliyethubutu kukicheka kile kistuli. Siku yangu ya kwanza kitengo cha moyo alinipa kazi ya kuhesabu sindano. Nikahesabu. Akasema nirudie. Nilipofika mara ya nne nikajua huyu mama ananionea. Mchana ule ule sindano moja ikapotea, ndogo kuliko ukope, na timu nzima ikasimama kifua cha mtu kikiwa wazi, wakimngoja mtu mmoja atambae sakafuni na sumaku. Aliyetambaa ni mimi. Tuliikuta imechoma soli ya kiatu changu mwenyewe. Sista Agripina hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa umejua kwa nini," akapanda kistuli chake, kazi ikaendelea.

Alinifundisha pia kuweka uzi juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya chumvi. Uzi wa kushonea mishipa ya moyo ni wa bluu na ni mwembamba kuliko unywele, na vitambaa vyetu vya mezani navyo ni vya bluu. Aliyepanga hivyo hakuwahi kushona chochote. Kwa hiyo wadogo zangu, kitambaa cheupe msikiache, hata huyo daktari mpya akisema ni mambo ya kizamani. Miwani yake ya kukuza siku moja itaingia ukungu na atakishukuru.

Jambo la mwisho alilonifundisha lilikuwa juu ya maneno. Mle ndani tuna Kiswahili chetu. "Amelala" ni dawa ya usingizi imeshika. "Umesimama" ni moyo, tumeusimamisha kwa dawa ili ushoneke. "Amepoa" ni joto la mwili limeshushwa na mashine ya moyo na mapafu mpaka pale daktari anapotaka, ili mwili usidai damu nyingi wakati moyo umesimama. Fundi wa mashine anaita, "Amepoa," daktari anajibu, "Sawa," na mkasi unaombwa. Sista Agripina aliniambia, "Maneno ya humu yavue humu humu. Kanzu, kofia, glovu na maneno, vyote ndoo ile pale." Nilicheka nikidhani ni utani. Mama yule hakuwa na utani.

Sasa niwaambie kuhusu ugonjwa wenyewe. Mwanzoni tuliwapata wagonjwa tuliowategemea. Mtu ana mishipa mitatu ya moyo, mmoja una sehemu imebana, urefu wa punje ya mahindi, mbele yake mshipa ni mzima. Daktari anachukua mshipa wa mguuni, au ule unaoshuka nyuma ya mbavu za kifuani, anaushona mbele ya palipobana, damu inapita pembeni, mtu anarudi kwao. Ukiona moyo uliokuwa na rangi ya maini unarudi kuwa mwekundu, unasahau miguu inavyouma. Kwa muda tulidhani kazi ni hiyo.

Halafu wakaanza kuja wengine. Wengi walikuwa na kisukari cha miaka mingi, wengine sigara, wengine hata hatukujua ni nini. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kijenge, mtu mpole aliyekuja na kitabu chake cha nyimbo. Daktari Temba, mpasuaji wetu, alifungua kifua, akauinua moyo, akapitisha kidole juu ya mshipa kutoka juu mpaka chini. Akarudia. Akapitisha kwenye wa pili, akapitisha kwenye wa tatu. Mgumu wote, mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na palipobana na palipo pazima, ugonjwa ulikuwa umetapakaa kote. Akasema, "Hakuna pa kushona."

Tukafunga. Sikuwahi kuona kifua kinafungwa bila kufanywa kitu. Daktari Temba alikwenda kwenye sinki akanawa mikono mpaka viwiko, akasugua kwa brashi, akasugua tena, kama mtu anayejiandaa kuingia, na hapakuwa na pa kuingia. Mwalimu alipozinduka aliniuliza wameunganisha mishipa mingapi. Nilimwambia daktari atakuja. Nilimwachia daktari mzigo ule, na naona aibu kuandika kwamba nilifarijika kuuacha. Mwalimu hakufikisha mwaka.

Daktari Temba hakuwa mtu wa kukubali. Alienda kusoma, akarudi na njia mbili, na mimi nikalazimika kujifunza vifaa vipya uzeeni. Njia ya kwanza ni kuupasua mshipa kwa urefu, wakati mwingine urefu wa kidole changu kizima, kisha kuufunika kwa ule mshipa wa kifuani uliopasuliwa vile vile, kiraka kirefu kinachogeuka kuwa paa jipya. Ni mshono mmoja unaoenda na kurudi, saa nzima, na mkono wako ukitetemeka ukimpa sindano naye anatetemeka. Njia ya pili ni ya kutisha zaidi. Anapasua kidogo, anaingiza kijiko chembamba kati ya ukuta wa mshipa na yale mafuta yaliyoganda, analegeza, halafu anavuta. Taratibu. Ukibahatika utando wote unatoka na matawi yake, kama mchicha unaoung'oa kwenye udongo uliolowa, na kila ncha imechongoka.

Ncha ndiyo kazi ya nesi. Andikeni hili. Utando ukitoka, uweke juu ya kile kitambaa cheupe na uzikague ncha moja moja kabla hujasema neno. Ikiwa imechongoka, umetoka wote. Ikiwa imekatika butu, kipande kimebaki ndani na kitafanya kama mlango uliofungwa, na damu utakayoileta haitapita. Daktari atakuuliza bila kugeuza kichwa, "Ncha?" Usimjibu la kumfurahisha.

Wapo waliopona. Mama mmoja wa Kisongo alirudi baada ya miezi na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, akasimama mlangoni kwetu mpaka Daktari Temba alipotoka. Daktari ni Mchaga wa mjini, maziwa ya hivyo yanamshinda, lakini alikunywa mpaka tone la mwisho huku mama yule akimtazama. Nimeandika hili ili msiseme Sista Ndeshi hakuona hata moja jema. Niliona, ila halikulingana na mengine.

Mzee Elirehema aliletwa na mkewe, Mama Anaeli, kutoka juu kwetu, si mbali na ninapoishi sasa. Mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa kanisani, na kwa miaka mingi ndiye aliyesimamia mfereji wa maji pale kijijini, kugawa zamu na kuamua ugomvi. Wakati ule alikuwa hawezi tena kutoka nyumbani mpaka kwenye mtego wa maji, pale mfereji unapochepuka mtoni. Kifua kilimbana hata akifunga kamba za viatu. Sehemu mbili walikuwa wamemwambia arudi nyumbani na dawa.

Daktari Temba alimwonyesha picha za mishipa yake. Mzee alizitazama kwa heshima, hakuelewa kitu, akauliza la kwake.

"Daktari, mfereji ukiziba kwa jiwe, natoa jiwe. Wangu umezibwa na nini?"

"Wako mzee haujazibwa na jiwe," Daktari alisema. "Umejaa tope tangu juu mpaka shambani."

"Basi ni kuchimba wote."

"Ni kuchimba wote."

"Na kingo zikibomoka?"

"Zinaweza kubomoka, mzee. Siwezi kukuficha."

Mzee akacheka, cha ajabu, akasema huyu angefaa kamati ya mfereji. Kisha akaweka dole gumba kwenye fomu.

Jioni ile aliniita kitandani. Alikuwa ameshanijua kwa jina la ukoo wetu, na tulikuwa tunaongea Kimeru. "Wewe ni mtoto wa nyumbani," aliniambia. "Mama yenu Kiswahili chake ni cha sokoni, na hapa kila mtu anaongea mbio. Kesho sitaki akae pale nje kama mzigo. Kila mnapofika, toka umwambie. Kwa Kimeru. Likiwa baya mwambie ni baya."

"Nitamwambia, baba," nilisema.

Kwa ajili hiyo siku ya pili niliomba nisisimame mezani. Nilikuwa nesi wa kuzunguka, yule anayefungua mapakiti, kupokea simu na kutoka nje panapohitajika. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Asubuhi nilitoka mara moja nikamwambia Mama Anaeli kwa Kimeru kwamba mzee amelala vizuri na kazi imeanza. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, kitenge kipya, simu ndogo mkononi, kapu lenye chupa ya uji ambao mzee asingeweza kuunywa kwa siku mbili. Alinishika mkono akaomba.

Mara ya pili nilitoka si kwa ajili yake. Mashine ilikuwa imeshachukua kazi ya moyo. Hamisi, fundi wa mashine, akaita, "Amepoa," Daktari akasema, "Sawa," na hapo hapo akaangalia mezani akaona nyuzi zile nyembamba kabisa hazitatosha kwa mshono mrefu aliokuwa ameupanga. "Ndeshi, stoo, haraka." Stoo iko ng'ambo ya korido. Nikatoka na kofia yangu na barakoa shingoni, natembea ile tembea ya kukimbia ambayo tunawakataza wanafunzi. Mama Anaeli akasimama. Kwa kuniona na mavazi yale, nadhani, akajitahidi kwa Kiswahili.

"Mwanangu, baba anaendeleaje?"

"Ameshapoa, mama," nikasema, nikapita.

Mnaosoma hapa mnatoka sehemu mbalimbali, kwa hiyo niseme wazi. Huku kwetu mtu akitoka kwenye malaria unamuuliza, "Umepoa?" naye anajibu, "Nimepoa, namshukuru Mungu." Nimelisema neno hilo hivyo maisha yangu yote. Lakini pale nilikuwa bado niko mle ndani, mwili tu ndio ulikuwa kwenye korido. Niliporudi na pakiti mkononi nilimwona anabonyeza simu, machozi yanamtoka na anatabasamu. Nikamtabasamia. Nilidhani amefurahi kuniona.

Tulipokuwa tunapasua mshipa wa kwanza kikasikika kigelegele, mbali, cha mtu mmoja. Wodi ya wazazi iko upande wa pili wa ua, na sauti zao huwa tunazipata. "Kuna mtu kapata mtoto," Hamisi alisema. Daktari Temba, bila kuinua kichwa, akasema, "Kwa furaha hiyo ni mapacha." Tukacheka kidogo nyuma ya barakoa, na mimi nikacheka.

Kazi ya mikono siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na hilo ndilo linaloniuma. Kiraka kirefu kwenye mshipa wa mbele, mshono hauvuji. Wa pili utando ukatoka wote. Nesi aliyesimama mezani akakagua, "Ncha nzuri." Wa tatu, wa nyuma ya moyo, Daktari akavuta, akavuta, na sote tukaona ulipoachia mapema. "Ncha?" akauliza. Yule nesi akaniangalia mimi. Nilisogea nikaona. Butu. Nilimwambia. Akapasua tena mbele zaidi kutafuta kilichobaki, na mshipa pale ulikuwa mwembamba kama karatasi ya sigara. Kingo zikabomoka. Akashona, zikachanika, akashona.

Tukampasha joto. Moyo ukaanza, ukatetemeka, tukaushtua kwa umeme, ukaanza tena. Kila Hamisi alipopunguza mashine, ule upande wa nyuma ulikaa tu, hausogei, na presha ikashuka, naye akairudisha. Tukaongeza dawa. Tukangoja. Nikataja dakika, nikataja tena, mpaka Daktari akaniambia niache kutaja. Saa kumi jioni alimtazama daktari wa usingizi, akamtazama Hamisi, akasema, "Tuzime." Hakuna anayewafundisha ukimya unaokuja mashine ile ikizimwa. Siwezi kuwaandikia na huo.

Tulitoka pamoja, Daktari na mimi. Nilikuwa natunga kichwani nitakavyosema kwa Kimeru. Korido ilikuwa imejaa. Watu wa kijijini walikuwa wamekodi gari, wamevaa za Jumapili, mwinjilisti wao alikuwepo na Biblia, kina mama wana machupa ya maziwa na sufuria zilizofungwa vitambaa, na walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini kwa sababu mlinzi alikuwa ameshawakanya. Ulikuwa wimbo wa shukrani. Nikaujua wimbo kabla sijajua maana ya kuimbwa kwake, halafu nikajua, na kile kigelegele cha asubuhi nikakijua.

Daktari alisema alichokuja kusema. Alikisema kwa Kiswahili kizuri, kifupi, hakujificha. Mama Anaeli alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi.

"Lakini Sista alisema amepoa."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na maelezo, wadogo zangu. Yalikuwa maelezo ya kweli, ya dakika moja: mashine, joto, neno la kazini. Kwa Kimeru nisingekosea hata kidogo, kwa sababu kwa Kimeru hatuna neno la mashine, ningelazimika kusimama na kueleza. Hayo yote yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Nilisema, mama." Basi. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa kitu, akakaa chini sakafuni.

Kwenye sinki Daktari Temba aliniuliza nilimwambia nini hasa. Nikamwambia. Alisugua mikono muda mrefu. "Alikuwa amepoa kweli," alisema, na sikujua kama ananitetea au ananihukumu.

Nilikwenda msibani usiku ule ule, na nikarudi kuzika. Mbuzi waliyekuwa wamemchinja asubuhi kwa shukrani, nyama yake ndiyo tuliyolishwa waombolezaji. Nilipewa sahani, nikala, maana kukataa kungekuwa kusema nilichokificha. Niliapa nitamweleza Mama Anaeli msiba ukiisha. Ukaisha, nikasema nitamweleza baada ya mavuno. Halafu baada ya Krismasi. Nilikutana naye kanisani, njiani, kwenye vikao vya harusi. Alinisalimia vizuri sana, kuliko nilivyostahili, na kadiri alivyozidi kuwa mwema ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mtoto wao Anaeli wakati ule alikuwa sekondari. Sasa ana watoto watatu.

Daktari Temba aliacha kuvuta tando kwa muda mrefu, akarudia, akastaafu kabla yangu. Mikono yake siku hizi inatetemeka hata kushika kikombe. Mwaka huu alinipigia simu, akaniuliza, "Ndeshi, tuliwafungua wangapi bure?" Nikamwambia sikuhesabu watu, nilihesabu sindano. Alicheka, kisha laini ikakatika. Nanyi mlioingia juzi, mna picha nzuri zaidi na nyuzi nzuri zaidi, na bado mtafungua kifua mkute hakuna pa kushona. Nisingependa kuwadanganya kwamba ipo siku mtazoea. Ila hili linawezekana: mwambieni fundi wa mashine aseme "joto limeshuka." Nilimwomba Neema abadilishe. Aliniambia amejaribu, lakini ulimi umeshazoea.

Niliandika mpaka hapa wiki iliyopita, nikaweka kalamu chini, nikapanda kwa Mama Anaeli. Ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Ndiyo umbali niliokuwa nao miaka yote hiyo.

Alikuwa amekaa barazani, amezeeka sana, macho hayaoni vizuri lakini akili iko pale pale. Anaeli akatuletea chai. Nikamwamkia, nikaanza kuzunguka, habari za mvua, habari za magoti. Akanikatisha. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kimeru, "Najua ulichokuja nacho. Umestaafu, unataka kukitua. Kitue. Sijawahi kukushukuru."

Nikamuuliza, kunishukuru kwa nini.

"Siku ile ulikuja kuniambia amekufa. Uliniambia kwa adabu, amepoa, kama mwili unavyopoa. Mimi kwa ujinga wangu wa Kiswahili nikapiga kigelegele. Mume wangu amekufa, nami nikapiga kigelegele na kuagiza mbuzi achinjwe. Na ulipoulizwa mbele ya watu, ulisema tu kwamba ulisema. Hukuniumbua. Hukumwambia mtu yeyote. Nimekuombea kila siku kwa kunisitiri."

Nilitamani kuinywa chai yangu, niage, nishuke zangu. Ningeweza. Lakini nilikuwa nimemwahidi mzee kwamba likiwa baya nitamwambia ni baya. Basi nikamwambia. Kwa Kimeru, polepole, kama nilivyotakiwa kufanya asubuhi ile. Kwamba alikuwa hai. Kwamba mashine ilikuwa imempoza mwili ili daktari afanye kazi. Kwamba alikuwa hai wakati wa kigelegele, na saa nyingi baada yake. Kwamba hakukosea yeye, nilikosea mimi, na nilijua siku ile ile.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Daktari Temba. Kisha akauachia mkono wangu.

"Kila Jumapili," alisema, "nikitoka kanisani napita kaburini kumwomba msamaha kwa kile kigelegele. Hata Jumapili hii nimemwomba."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akamwita Anaeli, akashikwa mkono, akainuka, wakaenda taratibu nyuma ya nyumba, kule kwenye migomba, kaburi lilipo. Nilimwona amesimama pale ameinamisha kichwa, anaongea. Aliongea muda mrefu. Nilingoja niitwe, nikangoja, sikuitwa. Nilipoinua kikombe chai ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo.